Kazi ya nusu siku shuleni, likizo hakuna mshahara: nisaini tena?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda. Mume wangu ni taniboi wa malori, yaani msaidizi wa dereva, leo yuko Malaba kesho yuko Elegu, saa ingine tunamaliza wiki tatu bila kuonana, kwa hiyo nyumba na watoto ni mimi. Naomba unisaidie juu ya kazi yangu maana nimefikiria hadi kichwa kinauma.

Zamani nilikuwa nauza nguo za watoto za mitumba sokoni. Siku ya kawaida nikishatoa pesa ya mzigo na ushuru na chakula nabaki na kama elfu kumi, kuna siku inafika kumi na tano, na siku ya mvua narudi na elfu tatu. Shida ilikuwa natoka alfajiri narudi giza limeshaingia, nikawa namlipa dada wa kazi elfu themanini kwa mwezi, na huyu mdogo wangu wa mwisho akaanza kumuita yule dada mama. Iliniuma sana.

Sasa Januari ya mwaka huu nikasikia shule moja ya praiveti inatafuta msaidizi wa bebi klasi. Dairekta akaniambia kazi ni nusu siku tu, saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, likizo unakaa na watoto wako, mshahara laki na themanini, na mtoto wako mmoja atasoma kwa nusu fizi, yaani nusu ya karo. Nikaona Mungu amenijibu. Nikapanga nitoke saa saba nipite nyumbani nibebe nguo zangu nikauze jioni kidogo. Dada wa kazi nikamwachisha, mdogo akawa anabaki kwa mama yangu, tunaishi jirani, mama akasema sawa lakini mwisho saa saba kwa sababu na yeye ana shamba lake la mihogo.

Yule wa pili nikamtoa shule ya serikali nikamleta hapo P.1, darasa la kwanza. Fizi ni laki tatu na nusu kwa muhula, nusu yake wananikata kwenye mshahara miezi mitatu ya muhula, kwa hiyo mkononi napokea laki moja na ishirini na kitu. Kule shule ya serikali nilikuwa natoa hela kidogo tu ya uji na michango.

Na hiyo nusu siku Shangazi haipo. Saa kumi na mbili na nusu lazima niwe getini kwa sababu wazazi wengine wanashusha watoto na boda wakiwahi kazini, niwashe moto wa uji, nipange vikombe. Saa saba kengele inalia, ticha anachukua begi lake anaondoka, mimi nabaki na wale ambao hawajachukuliwa hadi saa nane na nusu. Kuna siku katoto kamoja kalilala mapajani kwangu kwenye benchi la getini hadi saa tisa, simu ya mama yake haipatikani, na mimi najua wangu huko nyumbani bibi yake ameshaanza kununa. Nikifika sokoni saa kumi wateja wa nguo za watoto wameshapita. Ile nafasi yangu nikamwachia mwenzangu.

Likizo sasa. Mei sikulipwa, ile ya Agosti na Septemba sikulipwa, nilipouliza bursa, mtunza pesa wa shule, akasema mshahara wa shule ni wa muhula. Saa hii tunafunga muhula wa tatu, mbele kuna Desemba na Januari bila hata shilingi, na Februari fizi hizo hapo. Na wamenipa karatasi ya mwaka kesho nisaini, imeandikwa mimi ni "kibarua wa muhula". Mambo ya NSSF, ile akiba ya wafanyakazi, sijawahi kusikia yakitajwa.

Mume wangu anasema niache nirudi sokoni. Mama anasema nibaki, angalau watoto wananiona. Mimi mwenyewe kazi naipenda, wale watoto nawapenda, ila naona kama nafanya kazi sana na pesa haionekani. Je huu mshahara ni wa haki kweli? Nisaini?

Mama wa Watatu, Busia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Hiyo karatasi usiisaini bado. Iweke kwenye daftari, funga, tupige hesabu kwanza, kwa sababu nadhani umeonyeshwa mshahara wa mwezi na wewe unaishi mwaka mzima. Watoto wanakula hata Desemba.

Laki na themanini mara miezi 9, yaani mihula mitatu ya miezi mitatu mitatu, ni 1,620,000. Hiyo ndo pesa shule inakulipa kwa mwaka. Toa fizi wanazokukata, 175,000 kila muhula, mihula mitatu ni 525,000. Unabaki na 1,095,000. Sasa igawe kwa miezi 12 unapata 91,250 kwa mwezi. Hiyo ndo sababu pesa haionekani, wala usijilaumu kwamba unatumia vibaya.

Huko sokoni, tuseme elfu kumi kwa siku, siku 26 za mwezi, ni 260,000, toa themanini ya dada wa kazi inabaki 180,000, na hiyo ni miezi yote 12, yaani 2,160,000 kwa mwaka. Mvua na siku mbaya zipo, na siku za kumi na tano nazo zipo, zinafidiana. Kwa hiyo mume wako akisema rudi sokoni hasemi kwa hasira tu, kuna hesabu ndani yake.

Wenye shule watakuambia mbona hukuhesabu zile nusu fizi tunazokupunguzia. Ni kweli, ukijumlisha 525,000 za punguzo na 1,620,000 za mshahara inakuja 2,145,000, karibu sawasawa na soko. Lakini hapo nakuuliza swali moja na ujijibu mwenyewe bila aibu: kama usingekuwa unafanya kazi pale, ungempeleka huyo mtoto kwenye shule ya laki tatu na nusu? Kama ungempeleka, basi punguzo ni pesa yako halali, umeokoa. Kama usingempeleka, basi hujapunguziwa kitu, umeuziwa kitu kwa nusu bei na unakilipa kwa mshahara wako. Shule ya serikali chini ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ipo tangu 1997, ina shida zake, madarasa yamejaa watoto, hilo nalijua na sikulaumu kumtoa. Ila ujue kwamba kila muhula shule inakupa kwa mkono huu inachukua kwa mkono ule, na mtoto akishazoea marafiki na yunifomu wewe kuondoka inakuwa ngumu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mimi naona ndo kiini cha barua yako, nacho ni mchana wako. Ulikubali kazi ndogo ya pesa ndogo kwa sababu ulikuwa unabaki na mchana na likizo. Hiyo ndo ilikuwa biashara. Kutoka saa moja hadi saa saba ni saa 6, kwa wiki saa 30, ukigawa mshahara unakuja kama shilingi 1,380 kwa saa. Lakini wewe unaingia saa kumi na mbili na nusu unatoka saa nane na nusu, hizo ni saa 8, wiki saa 40, na mshahara haujapanda hata shilingi, kwa hiyo saa yako imeshuka hadi kama 1,040. Saa 10 za ziada kila wiki, kwa mihula mitatu ya wiki 12 hivi, ni saa 360 kwa mwaka. Umewafanyia watu saa 360 bure mwanangu, na juu yake umepoteza nafasi yako sokoni.

Fikiria ingekuwa ile kazi uliyoahidiwa kweli. Saa saba umetoka, saa nane uko sokoni na nguo zako hadi saa kumi na mbili, tuseme unapata elfu tano tu, nusu ya siku nzima. Siku 5 kwa wiki, wiki 36, ni 900,000. Likizo unauza siku nzima, watoto wakubwa wamefunga shule wanamsaidia bibi na mdogo, ile miezi mitatu hata ukipata 260,000 kila mwezi ni 780,000. Jumlisha na 1,095,000 ya shule inakuja 2,775,000 na mtoto bado yuko kwenye shule unayoitaka. Hizi za soko nimekisia kwa maneno yako mwenyewe, wewe unalijua soko lako kuliko mimi, shusha au pandisha. Lakini unaona tofauti iko wapi. Kazi ileile na mshahara uleule, ukitoka saa saba inakufaa, ukitoka saa nane na nusu inakufilisi. Ndo maana kabla ya kupigania nyongeza ya elfu ishirini mimi ningepigania saa ya kutoka.

Na hilo neno "kibarua" silipendi kabisa, na wewe usilipende. Sheria ya kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua kibarua kama mtu wa kazi ya siku au ya saa, akimaliza siku yake analipwa. Wewe unalipwa kwa mwezi. Halafu kanuni za 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi 4, akivusha hapo apewe mkataba wa maandishi na si kibarua tena. Sasa angalia kalenda, muhula mmoja ni miezi mitatu na kidogo, hauwezi kufika minne. Mwenye kukuandika kila muhula upya, hata kama hana nia mbaya, anakurudisha mwanzo kila mara, na wewe umekuwa pale tangu Februari, watoto walewale, sufuria ileile. Kwa hiyo mkataba uombe wa mwaka, uandikwe kwamba unafanya kazi siku za muhula. Maneno yanafanana lakini uzito wake si mmoja.

Kwa sababu ukishakuwa mwajiriwa wa mfululizo, umepita miezi 6 na unafanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki (wewe umepita mbali), sheria hiyohiyo inakupa likizo ya kulipwa siku 7 kwa kila miezi 4, mwaka mzima siku 21. Kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki hizo ni karibu mshahara wa mwezi mmoja. Hapo unaweza kumwambia dairekta kwa upole kabisa, siombi mnilipe likizo zote, naomba zile siku zangu 21 nizichukue Desemba, na mnilipe. Mwalimu aliye kwenye pei-roli ya serikali anapokea mshahara wake miezi 12 na likizo zimo, wewe hata mwezi mmoja tu juu ya ile tisa usipate kweli?

NSSF nayo uiulize. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata kama ana mfanyakazi mmoja, zamani ilikuwa watano kwenda juu. Wewe unakatwa asilimia 5, yeye anaweka 10. Kwa laki na themanini ni 9,000 yako na 18,000 yake, 27,000 kila mwezi, kwa miezi 9 ni 243,000 ambazo saa hii hazipo popote. Najua 9,000 kutoka kwenye laki na ishirini inauma, lakini ile 18,000 ni pesa yako wanayokaa nayo. PAYE, kodi ya mshahara, usihofu, mshahara wako haujafika huko. Na kila wakikulipa wakupe karatasi inayoonyesha mshahara ni ngapi na wamekata nini, hiyo pia ni haki yako, kuambiwa kwa mdomo "tumekata fizi" haitoshi.

Mtu atakuambia nenda ukadai kima cha chini cha mshahara. Mwanangu, kile kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hadi leo. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019 na Rais hakuutia saini. Kwa hiyo hapo usitegemee kitu, nguvu yako iko kwenye kile kitakachoandikwa kwenye hiyo karatasi. Na hili nalisema nikikumbuka mwaka 2020, shule zilivyofungwa mwezi wa Machi na kufunguliwa zote Januari 2022. Jirani yangu mmoja alikuwa ticha wa praiveti miaka tisa, mwezi wa pili tu baada ya shule kufungwa hapokei kitu, simu ya dairekta imezimwa, hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Nilimkuta asubuhi moja anasukuma chapati kwenye meza ambayo alikuwa anasahihishia daftari za watoto, bado ina madoa ya wino mwekundu. Sijasahau ile meza. Tangu siku hiyo kila mama anayeniuliza kazi ya shule namwambia karatasi kwanza.

Kuna upande wa shule pia na nisipousema nitakuwa sijakutendea haki. Hizi shule ndogo zinaishi kwa fizi, mzazi analipa robo leo robo mwezi ujao, na likizo hakuna anayelipa. Dairekta hata akiwa na roho nzuri Desemba sanduku lake liko tupu. Kwa hiyo ukienda kumwambia nilipe miezi 12 kamili atakukatalia na mazungumzo yataishia hapo. Lakini kuna vitu havimgharimu au vinamgharimu kidogo. Kukuacha utoke saa saba ni kupanga zamu tu, wiki hii wewe wiki ile ticha, au wazazi wanaochelewa walipe kidogo, elfu moja kwa siku, na anayebaki na watoto ndo azipokee. Wazazi wenyewe wakisikia kuna malipo utashangaa wanavyowahi. Na zile fizi, badala ya kukukata nusu nzima ndani ya miezi mitatu, zinaweza kugawanywa, au punguzo lipande hadi robo tatu, kiti cha mtoto mmoja darasani hakimuongezei mwalimu mshahara.

Nenda umuone kabla shule haijafungwa, asubuhi baada ya uji, asiwe na wageni. Usiende na kelele. Nenda na daftari. Kuanzia kesho andika kila siku umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi na watoto wangapi walibaki na wewe, hata siku nane tu zinatosha kuonyesha. Mwambie hivi: "Dairekta, kazi naipenda na mwaka kesho nataka kuendelea. Tulipatana saa moja hadi saa saba, daftari hili linaonyesha natoka saa nane na nusu. Naomba mkataba wa mwaka uandike saa zangu, na nikizidisha nilipwe. Naomba siku zangu za likizo za kulipwa, NSSF, na punguzo la mtoto liandikwe humo." Basi, nyamaza, mwache ajibu. Yule atakayekubali saa na karatasi hata akikataa mengine, mimi kwake ningesaini. Akikataa saa, akikataa na karatasi, huo mshahara si wa haki na usisaini, Februari mtoto arudi alikokuwa au umlipie ukiwa sokoni, na wewe rudi kwenye nguo zako. Januari wazazi wote wanatafuta sweta na soksi na kaptura za shule, anza kukusanya mzigo kuanzia sasa, na yule mwenzako uliyemwachia nafasi mpigie simu mapema.

Wakikufukuza kwa sababu umeuliza, au wakikaa na mshahara wako, wilaya ina leba ofisa, yaani afisa wa kazi, unapeleka malalamiko kwake, na lile daftari ubebe.

Na mama yako, mwanangu. Katika hesabu zako zote hukumweka. Ile saa moja na nusu ya kila siku ambayo shule inakuchukua, na yeye anaitoa, mihogo yake inangoja. Ukimaliza kuongea na dairekta pita kwake umwambie saa utakayokuwa unarudi mwaka kesho, na hata kama ni elfu kumi kwa mwezi, mpe.

Shangazi yako